Kabla hujaanza kuthibitisha ugawanyikaji kwa induksheni

Induksheni ni uthibitisho wa hatua mbili: unaonyesha kauli ni kweli kwa namba ya mwanzo, kisha kwamba ikiwa kweli kwa namba fulani k, ni kweli pia kwa k + 1. Maswali ya induksheni yanayohusu ugawanyikaji huisha kwa mistari sita au saba kwa mtu aliyejiandaa. Asiyejiandaa hujaza ukurasa mzima wa kufungua mabano na bado asifike. Kwa hiyo, kabla ya kuandika "kwa n = 1", kuna mambo ya kuweka sawa.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, geuza maneno yawe mlinganyo. Kusema 4ⁿ + 6n − 1 inagawanyika kwa 9 ni kusema kwamba ipo namba kamili m ambayo 4ⁿ + 6n − 1 = 9m. Wanafunzi wengi wa kidato cha tano huandika sehemu, (4ᵏ + 6k − 1)/9, kisha wanaiburuta hadi mwisho bila faida yoyote. Mlinganyo unakupa kitu ambacho sehemu haikupi: unaweza kuhamisha na kuibakiza 4ᵏ peke yake upande mmoja. Na uandike wazi kwamba m ni namba kamili. Usipoandika hivyo hujasema lolote, maana hata 10 ni 9 mara kitu fulani.

Vipeo navyo viwe mkononi. 4ᵏ⁺¹ ni 4 × 4ᵏ, hilo halisumbui. Linalosumbua ni 3²ⁿ: ukiweka k + 1 mahali pa n unapata 3²⁽ᵏ⁺¹⁾, yaani 3²ᵏ⁺², ambayo ni 9 × 3²ᵏ. Anayesahau mabano huandika 3²ᵏ⁺¹, na kuanzia hapo hakuna kitakachokubali.

Kisha jaribu namba chache pembeni ya karatasi. Kwa 4ⁿ + 6n − 1 unapata 9, 27, 81. Ukiishia hapo unaweza kudhani umegundua vipeo vya 3, lakini ya nne ni 279, yaani 9 × 31. Majaribio yanakuonyesha kama swali umelielewa, ila hayathibitishi. Angalia mfano huu: n³ − n inagawanyika kwa 3, n⁵ − n kwa 5, n⁷ − n kwa 7. Mkono unawasha kuandika kwamba n⁹ − n inagawanyika kwa 9. Weka n = 2: 512 − 2 ni 510, na 510 kwa 9 inabakiza 6.

Hatua ya mwanzo usiidharau kwa sababu ni rahisi. Chukua kauli kwamba 5ⁿ + 1 inagawanyika kwa 4. Tukikubali kuwa 5ᵏ + 1 = 4m, basi 5ᵏ⁺¹ + 1 = 5(4m − 1) + 1 = 20m − 4 = 4(5m − 1). Hatua ya kutoka k kwenda k + 1 imepita bila kasoro, lakini kauli ni ya uongo kwa kila n: 6, 26, 126, zote zinabakiza 2. Blaise Pascal, katika andiko lake la pembetatu ya hesabu lililochapishwa 1665, alizitaja hatua zote mbili waziwazi, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuruka mojawapo. Soma pia swali linaanzia wapi; si kila mara ni 1.

Sasa amua mapema utabadilisha nini. Kanuni yangu ni kubadilisha kipeo, vingine viache. Kutoka kwenye mlinganyo wetu, 4ᵏ = 9m − 6k + 1. Anza na upande wa k + 1 pekee, wala usiandike juu kabisa kwamba ni sawa na 9 mara kitu, kwa sababu hicho ndicho unachotafuta:

4ᵏ⁺¹ + 6(k + 1) − 1
= 4(9m − 6k + 1) + 6k + 5
= 36m − 18k + 9
= 9(4m − 2k + 1).

Kwa kuwa m na k ni namba kamili, kilicho ndani ya mabano nacho ni namba kamili. Sentensi hiyo iandike. Bila hiyo uthibitisho haujakamilika.

Pasipo na kipeo chenye n, kama n³ − n kwa 6, tafuta tofauti kati ya hali ya k + 1 na ya k. Hapa inatoka 3k² + 3k, yaani 3k(k + 1). Kigawanyo 3 kinaonekana, 6 hakionekani. Inabidi ujue tangu mwanzo kwamba kati ya namba mbili zinazofuatana moja lazima iwe shufwa, hivyo k(k + 1) ni 2 mara namba kamili fulani, na tofauti nzima inagawanyika kwa 6.