Bethdei ukiwa mbali na kwenu? Nenda Fort Jesus asubuhi

Wale mnaoishi Mombasa na kwenu ni nje, kama mimi mtu wa Dar, siku ya bethdei usijifungie chumbani ukisubiri kupigiwa simu na mama. Mie mwaka huu niliamka mapema nikaenda zangu Fort Jesus, ile ngome ya kale ya hapa Mombasa, wanafungua saa mbili asubuhi na hiyo ndo saa nzuri, jua halijakuwa kali na hakuna makundi ya wanafunzi. Beba kitambulisho maana sisi wa Afrika Mashariki hatulipi bei ya mtalii, ukisahau utajuta hapo getini.

Ndani usikimbie. Ngome ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, Waomani wakaja kuizingira 1696 mpaka wakaichukua 1698, yaani karibu miaka mitatu watu wamefungiwa humo kwa njaa na maradhi, halafu mimi nalalamika sina keki! Waingereza nao wakaifanya jela hadi 1958. Panda juu ya kuta upande wa bahari, upepo wa hapo mtamu sana, ndo pa kupiga picha za kuwatumia nyumbani.

Ukitoka usipande tuktuk, ingia Mji wa Kale kwa miguu, tafuta mahamri na mbaazi, kahawa chungu kikombe kidogo. Ukimwambia muuza kahawa leo ni bethdei yako jiandae kuongezewa kikombe, na maswali kibao kuhusu lini unaoa.