Fimbo za gofu uwanjani: ubebe begani, umpe kedi, usukume toroli au upande gari?

Kosa la kawaida ni kuanzia dukani. Mtu ananunua toroli ya bei, halafu anafika klabu na kuambiwa magurudumu hayaruhusiwi msimu huu, au anakuta kilima ambacho toroli yake haipandi. Anza na uwanja, kisha mzigo, kisha mwili wako. Mashimo 18 ni mwendo wa kilomita 8 hadi 10, na ukiwa mtu wa kupiga mpira kushoto na kulia unaongezeka. Namna unavyosafirisha begi ndiyo itakayoamua kama mashimo manne ya mwisho utayacheza ukiwa na miguu au utayamaliza tu.

Hatua ya 1: Ulizia uwanja kabla ya kwenda

Piga simu klabu na uulize mambo matatu: je, toroli za mchezaji mwenyewe zinaruhusiwa, je, magari ya gofu yapo na leo yanaingia kwenye nyasi, na je, kuchukua kedi (mtu anayelipwa kukubebea fimbo) ni lazima. Wakati wa masika, hasa Machi hadi Mei, viwanja vingi huzuia magari au huyabakiza kwenye njia zake, kwa sababu tairi moja kwenye udongo uliolowa huacha mfereji unaokaa wiki kadhaa. Kama ni mashindano, soma masharti yake. Sheria za gofu zenyewe hazikatazi kupanda gari, lakini kamati ina mamlaka ya kulikataza.

Uliza pia juu ya vilima. Uwanja wa klabu ya Gymkhana ya Dar es Salaam ni tambarare, na adui wako pale ni joto na unyevunyevu. Limuru, Kenya, iko juu ya mita 2,000 na ina miinuko, kwa hiyo mtu aliyezoea pwani atahema mapema. Begi lile lile, uamuzi tofauti.

Hatua ya 2: Pima mzigo wako kwa mizani

Usikisie. Tumia mizani ya kuning'iniza ile ya kupimia mabegi ya safari. Hesabu ya kawaida ni hii:

- Begi jepesi lenye miguu ya kusimamia: kilo 2 hadi 2.5
- Fimbo 14: kilo 5.5 hadi 6
- Mipira 6: karibu gramu 275
- Maji lita 1.5: kilo 1.5
- Mwavuli, koti la mvua na taulo: kilo 1 na ushee

Jumla ni kilo 11 hivi. Begi kubwa la toroli, lenye mifuko kila upande, huongeza kilo moja au mbili hata kabla hujatia kitu. Sasa mwaga mifuko yote mezani. Mipira 20 ya zamani peke yake ni karibu kilo moja, na haina kazi.

Fimbo 14 ni kikomo, si lazima. Ukibaki na 9 unapunguza kama kilo 2, na mchezaji anayejifunza hapotezi kitu. Zihesabu kila mara kabla ya kuanza: fimbo ya 15 katika mchezo wa kuhesabu mikwaju ni adhabu ya mikwaju 2 kwa kila shimo ulilocheza nayo, hadi 4 kwa raundi.

Hatua ya 3: Ukiamua kubeba begani

Hii inamfaa mwenye mgongo mzima na mzigo usiozidi kilo 9 au 10. Chukua begi la mikanda miwili, si mmoja. Mkanda mmoja hulaza uzito wote upande mmoja na kuuvuta uti wa mgongo kwa saa nne.

Vaa begi likiwa limejaa, kisha rekebisha mikanda mpaka begi likae juu kidogo ya nyonga na kulala karibu usawa mgongoni. Likining'inia chini litakugonga mapaja kila hatua. Likipanda sana vichwa vya fimbo vitaelekea chini na kumwagika ukiinama. Maji na mipira viwe karibu na mwili, koti na glavu upande wa nje.

Anayepiga mikwaju 90 hupandisha na kushusha begi zaidi ya mara 50. Hapo ndipo migongo huumia, si kwenye kutembea. Kunja magoti, ingiza mkono wa kwanza, simama, ndipo uingize wa pili.

Hatua ya 4: Ukichukua kedi

Kwa viwanja vya Afrika Mashariki hili ndilo chaguo tunalolipendekeza kwanza, hasa kwenye uwanja usioujua. Toroli haitakuambia kwamba grini hii (nyasi fupi zinazozunguka shimo) inaonekana kupanda kumbe inashuka. Isitoshe, malipo yako yanabaki kwa mtu mwenye familia karibu na uwanja huo.

Pita kwa kedimasta, msimamizi wa makedi, usimchukue mtu getini. Uliza kiwango cha klabu, na kama unataka kuongeza bakshishi amua mapema. Mkabidhi begi jepesi: kumpa mtu begi la kilo 15 kwa sababu hulibebi wewe ni ukatili. Kama klabu inaruhusu, mpe toroli asukume. Yeye anabaki na pumzi ya kutafuta mipira na kusoma grini.

Mwambie mwanzoni unataka nini: umbali tu, au na ushauri wa fimbo. Anaruhusiwa kukushauri, kutoa bendera na kusawazisha mchanga wa banka (shimo la mchanga uwanjani). Ila ukianza kujipanga kupiga, asisimame kwa makusudi nyuma ya mpira kwenye mstari unaoulenga. Akivunja sheria, adhabu ni yako. Wala huruhusiwi kuwa na kedi wawili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Ukichagua toroli ya mkono

Ya magurudumu mawili huvutwa nyuma, hivyo mkono mmoja na bega moja hujipinda muda wote. Ya magurudumu matatu husukumwa mbele kwa mikono miwili, na mgongo unabaki umenyooka. Nunua ya matatu. Uzito wa kilo 6 hadi 8 unatosha.

Kwenye matairi usibishane na muuzaji: kataa ya upepo. Uwanja wenye migunga una miba, na miba haichagui toroli. Chukua matairi ya sponji ngumu.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio haya ukiwa na begi lililojaa:

1. Sukuma kwenye sakafu tambarare, iachie mita 10. Ikipinda sana upande mmoja, gurudumu la mbele halijanyooka. Angalia kama lina skrubu ya kulirekebisha. Kama halina, iache.
2. Iweke mteremkoni na ufunge breki. Subiri dakika nzima. Toroli inayotambaa polepole ndiyo inayoishia bwawani.
3. Ikunje na uiingize kwenye buti la gari lako mwenyewe.
4. Zungusha begi kwa mkono. Likigeuka kwenye mikanda, litageuka kila unapovuka tuta.

Begi lenye miguu lina tatizo lake: kitako cha toroli hubonyeza kifyatuo kilicho chini ya begi na miguu inatoka nje. Ifunge kwa mkanda wake.

Usipitishe toroli juu ya grini wala kati ya banka na grini. Iegeshe upande wa kuelekea shimo linalofuata, ili ukimaliza usirudi nyuma huku wenzako wanasubiri. Mpira wako ukiigonga kwa bahati mbaya hakuna adhabu tangu sheria za 2019.

Pwani, ifute kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya mchezo na uikaushe, hasa pini za magurudumu.

Hatua ya 6: Toroli ya umeme

Inafaa kwa vilima na kwa mwenye goti bovu. Betri ya lithiamu ni nyepesi sana kuliko ya risasi na asidi, ambayo ina uzito wa kilo 10 hivi na huharibika ikikaa bila chaji. Chaji jioni ya kabla, usingoje asubuhi umeme ukatike. Ukisafiri kwa ndege, zidisha volti za betri kwa ampea-saa zake: 12.8 mara 16 ni wati-saa 205, na zaidi ya 160 haipandi ndege ya abiria.

Hatua ya 7: Gari la gofu

Funga begi kwa mkanda kwa nguvu, mifuko ikitazama nje, na uvike vichwa vya fimbo kofia zake. Mtikisiko hukwaruza mipini ya grafiti. Teremka kilima ukiwa umenyooka, si kwa ubavu, na usishuke kabla breki ya kuegesha haijashika. Kaa mbali na grini, mita 30 au zaidi. Ukiufuata mpira kwa mguu mara kwa mara kwa sababu gari haliruhusiwi kutoka njiani, beba fimbo tatu pamoja na pata (fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini) kila unapoliacha, vinginevyo utatembea mara mbili.