Rasamu ya ukwaju: supu chachu ya Kitamil, hatua kwa hatua

Rasamu ni mchuzi mwembamba wa kusini mwa India, wenye uchachu wa ukwaju na ukali wa pilipili manga. Tamil Nadu huliwa kwa wali karibu kila siku. Karnataka wanayo ya kwao wanayoiita saaru, na Andhra Pradesh wanaiita chaaru. Mgeni wa jiko hili huiharibu kwa njia mbili: ama anaifanya nzito, ama anaiacha itokote mpaka mwisho. Sisi wa pwani tujihadhari zaidi na hiyo ya kwanza, maana aliyezoea kupika urojo mkono unamwenda wenyewe kwenye unga. Humu hakuna unga, hakuna nazi, hakuna kiazi.

Mahitaji (watu 4)

- Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, zile za njano, vijiko 3 vya chakula. Kwenye maduka ya Wahindi ulizia tuver.
- Ukwaju, donge la ukubwa wa ndimu
- Nyanya 2 kubwa zilizoiva sana
- Manjano, robo kijiko cha chai
- Pilipili manga nzima, kijiko 1 na nusu cha chai
- Bizari nyembamba (jira, au uzile kwa Wazanzibari), kijiko 1 na nusu cha chai
- Mbegu za giligilani, kijiko 1 cha chai
- Vitunguu saumu, punje 4
- Kotmiri (dania), fungu dogo
- Chumvi

Vya kukaangia mwisho: samli kijiko 1 cha chakula, mbegu za haradali nusu kijiko cha chai, pilipili kavu nyekundu 2, majani ya mchuzi 10 hivi (wauzaji wengi wa Kihindi huyaita limdo), na mvuje, chembe tu.

Neno moja kuhusu sufuria kabla hujawasha moto. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na ukwaju haupatani nazo: tindikali yake inaila alumini na mchuzi unapata ladha ya chuma. Tumia ya stili, au chungu. Watamil wana chombo chao maalumu cha rasamu, eeya chombu, kilichofuliwa kwa bati (madini yenyewe, si mabati ya kuezekea). Hakiinjikwi kitupu hata kidogo, kwa sababu bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 na chombo chote hukuishia jikoni. Kwanza hutiwa maji ya ukwaju, ndipo kinawekwa motoni.

Hatua ya 1: Chemsha mbaazi

Zioshe mpaka maji yatoke safi, tia vikombe 2 vya maji na manjano, chemsha hadi zipondeke kwa mgongo wa kijiko. Kwa sufuria ya kawaida ni kama dakika 35. Presha kuka hupunguza sana. Ziponde, ongeza kikombe 1 cha maji, koroga, kisha acha zitulie. Tutakayotumia ni yale maji ya juu na ute kidogo. Zile nzito zinazobaki chini ziweke, zitafaa kwenye mchicha kesho.

Mbaazi hizi huenda zimelimwa kwetu. India ndiyo mlaji mkuu wa mbaazi duniani na hununua Tanzania, Msumbiji na Malawi. Wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara hawajasahau mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kiasi kinachoingia nchini mwake na bei huku ikaporomoka.

Hatua ya 2: Loweka ukwaju

Kikombe 1 cha maji ya moto, dakika 15. Ukamue kwa vidole, chuja, tupa kokwa na nyuzi. Ukitumia ukwaju wa chupa anza na kijiko 1 cha chai, halafu onja. Ni mkali kuliko unavyoonekana.

Hatua ya 3: Twanga viungo

Pilipili manga, bizari nyembamba na giligilani viingie kinuni vikiwa vibichi, bila kukaangwa. Vitwange mpaka viwe chenga, kisha tia vitunguu saumu na maganda yake na uvipondeponde. Usifikie unga. Unga huchafua mchuzi na kuufanya uwe na rangi ya tope, tena harufu yake hupotea upesi. Chenga hutulia chini, na juu panabaki maji safi yaliyobeba ukali wote. Blenda pia inafaa, ila bonyeza na kuachia mara tatu nne tu. Viungo vya pakiti vilivyosagwa miezi iliyopita siwezi kukushauri, hata kama ni vya rasamu yenyewe.

Hatua ya 4: Pika ukwaju na nyanya

Mimina maji ya ukwaju kwenye sufuria, ongeza kikombe 1 cha maji na chumvi. Nyanya zifikiche kwa mkono humo humo mpaka zisambaratike. Hapa ndipo pa kuchemsha, na uchemshe kwelikweli: dakika 8 hadi 10, moto wa wastani. Pua itakuambia. Mwanzoni kuna harufu mbichi inayochoma puani kidogo. Ikishaondoka na nyanya zikawa zimelegea kabisa, endelea. Ukikatisha mapema, huo ubichi hauondoki tena, maana baadaye hatuchemshi.

Hatua ya 5: Povu

Punguza moto. Tia viungo ulivyotwanga, koroga mara moja, kisha mimina maji ya mbaazi, vikombe 2 hivi. Onja chumvi sasa hivi. Halafu weka mwiko chini, usiondoke.

Kwa dakika mbili tatu hakuna kinachoonekana. Kisha pembezoni mwa sufuria panatokea uzi wa povu jepesi la njano, unanenepa, unasogea katikati, na uso wote unainuka taratibu kama unavuta pumzi. Katikati bado hapajatokota. Zima hapo hapo. Ukiacha litokote, povu linapasuka, harufu ya pilipili manga inaondoka na mvuke, na mbaazi zinajitenga na maji. Utabaki na maji makali yasiyo na mvuto. Tupia kotmiri iliyokatwa, funika.

Hatua ya 6: Samli

Pasha samli kwenye kikaango kidogo. Haradali kwanza, zikishatatarika tia pilipili kavu, kisha majani ya mchuzi yaliyofutwa maji (yakiwa na maji yatakurukia usoni), mwisho mvuje, na utoe motoni mara moja. Mimina juu ya rasamu na ufunike tena dakika 5.

Mvuje ndio huo huo ambao bibi zetu huwafunga watoto mkononi kuwakinga na kijicho. Ukiwa mbichi unanuka vibaya. Ukipita kwenye samli ya moto unageuka kuwa na ladha ya kitunguu kilichokaangwa. Wenye shida na ngano wasome pakiti, mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano.

Kuila

Mimina juu ya wali laini, si wa kuchambuka, ufikiche kwa vidole. Kwenye mlo kamili wa Kitamil hufuata baada ya wali na sambari (mchuzi mzito wa mbaazi na mboga), kabla ya wali na mtindi. Mwenye mafua mpe kwenye bilauri anywe, na pilipili manga uziongeze.

Ukitaka ya ndimu, acha ukwaju na utie maji ya ndimu baada ya kuzima moto. Ndimu ikichemka huleta uchungu. Ya nanasi ni tamu zaidi: vipande vichache hatua ya 4, na nyanya iwe moja.

Ikilala kwenye friji, kesho yake ipashe mpaka povu lianze kuinuka, basi.