Printa ya risiti ya Bluetooth kwenye Linux: usihangaike na connect

Jumamosi nilikuwa Kariakoo, kwenye duka la mama mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki. Ana laptopu yenye Debian niliyomwekea mwenyewe, na printa ndogo ya karatasi za milimita 58. Kwa simu ya kijana wake inachapa. Kwa kompyuta haitaki. Nikadhani ni kazi ya dakika kumi. Nimetoka majirani wanashusha mageti. (Risiti hizi ni za kumbukumbu za duka tu, ile ya kodi ya TRA inatoka kwenye mashine ya EFD kama kawaida.)

1. Weka bluez, yaani programu za Bluetooth za Linux. Kwenye Debian na Ubuntu, rfcomm, amri ya kuongea na kifaa cha Bluetooth kana kwamba kimechomekwa kwa waya wa siriali, inakuja humo humo. Arch wameitenga kwenye bluez-deprecated-tools.

2. Zima kwanza Bluetooth ya simu, maana printa hizi kwa kawaida hushika mtu mmoja tu. Kisha fungua bluetoothctl kwenye terminali, ndiyo amri ya kusimamia Bluetooth. Vile vidude vya kubofya pembeni ya skrini mimi sivitumii, vinaficha makosa.

```
power on
agent on
scan on
pair AA:BB:CC:11:22:33
trust AA:BB:CC:11:22:33
```

Weka anwani ya printa yako. Ikiuliza PIN, jaribu 0000 au 1234.

3. Hapa ndipo mchana wangu ulipoishia. Ukishaoanisha, mkono wenyewe unaandika `connect`. Nikaandika. Ikaonyesha `Connected: yes`, sekunde mbili baadaye `Connected: no`, na kosa la `org.bluez.Error.NotAvailable`.

"Fundi, si imeandika imeunganishwa?"

"Ilikuwa, mama."

Nikafuta, nikaoanisha upya, nikachaji printa, nikaanza hadi kuitukana. Kumbe haina kosa. `connect` hutafuta huduma ambazo BlueZ inazijua yenyewe, kama spika au kibodi. Printa hii inatoa huduma ya siriali, SPP (Serial Port Profile), ambayo hapo haina wa kuipokea, basi mawasiliano yanakatwa. Kwa hiyo usiandike connect kabisa. Kuoanisha na `trust` vinatosha. Anayepiga simu ni rfcomm.

Tafuta chaneli:

```
sdptool browse AA:BB:CC:11:22:33
```

Angalia `Channel:` chini ya Serial Port. Mara nyingi ni 1, lakini usibahatishe. Miongozo mingi itakwambia uongeze `--compat` kwenye bluetoothd, ile huduma ya Bluetooth inayokaa nyuma ya pazia. Achana nayo: hiyo ni pale kompyuta yako inapotangaza huduma yake ipigiwe. Hapa wewe ndiye unayepiga. Sasa ifunge printa kwenye faili la kifaa `/dev/rfcomm0`, na namba ya mwisho iwe chaneli uliyoikuta:

```
sudo rfcomm bind 0 AA:BB:CC:11:22:33 1
ls -l /dev/rfcomm0
```

Herufi ya kwanza kabisa lazima iwe `c`, yaani hicho ni kifaa, si faili la kawaida. Mimi kwa haraka zangu, nikiwa root, nilishatuma maandishi kabla ya bind. Mfumo haukulalamika, ulitengeneza faili la kawaida lenye jina hilo hilo. Nilipolifungua nikakuta neno "jaribio" limejikalia humo, wakati mimi nakodolea macho karatasi. Ukiona kistari badala ya `c`, lifute, `sudo rfcomm release 0`, kisha bind tena.

4. Ili uchape bila sudo, jiingize kwenye kundi la dialout: `sudo usermod -aG dialout $USER`, toka, ingia tena.

5. Jaribu:

```
printf '\033@Habari za leo\n\n\n' > /dev/rfcomm0
```

`\033@` inairudisha printa kwenye hali yake ya mwanzo, na inasaidia sana kama programu nyingine iliiacha na maandishi makubwa. Amri inasita kidogo kwa sababu muunganisho unafunguliwa wakati huo huo. Karatasi ikatoka. Mama akaichana, akaigeuza: "Na jina la duka liko wapi?"

6. Bind inapotea kompyuta ikizimwa. Miongozo ya zamani inataja rfcomm.conf, lakini BlueZ 5 hailisomi. Mimi naweka kwenye crontab ya root (`sudo crontab -e`), orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe:

```
@reboot /usr/bin/rfcomm bind 0 AA:BB:CC:11:22:33 1
```