Kupanga fremu ya vitenge Mwanza ili wenyeji waione ni yao

Fremu nyingi zinazotaka sura ya Mwanza huanza na wavu darini, picha ya jiwe la Bismarck ukutani na ngoma kwenye kona. Hayo ni mapambo. Mteja hutambua duka ni lao kwa pa kukaa, pa kutua mzigo na namna anavyopokelewa. Hapa tunapanga fremu (chumba cha duka) ya mita 4 kwa 6 inayouza nguo na mikoba ya vitenge kwa mama wa dagaa wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba na msafiri wa meli ya Nansio, Ukerewe.

Hatua ya 1: kaa mlangoni siku 2 kabla ya kumwita fundi. Siku moja asubuhi, nyingine kuanzia saa 10 jioni. Andika watu wanakuja wangapi pamoja, wamebeba nini, nani anashika kitambaa na nani anatoa hela. Wakija watatu, mmoja akanunua na wawili wakashauri, hao wawili nao wanahitaji nafasi.

Hatua ya 2: chora sakafuni kwa chaki. Njia kuu iwe sm 120, ili mwenye mtoto mgongoni apishane na mwenye ndoo. Za pembeni sm 90. Zikibana zaidi ya hapo, nguo zitadondoka kwenye hanga kila mtu akipita. Kaunta ya kimo cha sm 90 ikae nyuma. Ikiwa mlangoni, mgeni hujiona anahojiwa.

Hatua ya 3: benchi. Usilikate hili hata bajeti ikibana. Urefu sm 180, kina sm 40, kimo sm 45: wanakaa watu 3, na chini yake pawe wazi kwa ndoo na mifuko.

Mbao za mtumbwi uliochakaa zinafaa sana, ila zina kazi. Ng'oa misumari yote kwanza. Mmoja ukibaki, grenda itaugonga na kurusha cheche. Sugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kisha zisimamishe kivulini wiki 2, kwa sababu jua kali huzipasua. Piga msasa namba 80, halafu 120. Kwenye maungio utakuta pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa maji yasiingie, imekuwa nyeusi na ngumu kama kamba. Acha mstari mmoja uonekane, maana mtu wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, ataujua bila kuambiwa. Vanishi ipakwe mara 2, juu, chini na kwenye ncha. Ukipaka juu tu, mvua za masika zikija mbao zitavuta unyevu upande wa chini na harufu ya samaki itahamia kwenye vitenge.

Hatua ya 4: meza ya bidhaa. Igize chanja ya kuanikia dagaa: fremu ya bomba la skweya, kimo sm 75, juu fito zilizoachana sm 3. Hewa hupita, na vitenge vilivyokunjwa havishiki ukungu. Wavu usiutundike, hukusanya vumbi na kunasa ndoano za hanga.

Hatua ya 5: taa. Mbele ya duka weka taa ya njano, Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000. Taa nyeupe huwavuta zaidi wadudu wa ziwani, na wakifa kwenye mikunjo ya kitenge ukawapangusa, wanaacha doa. Ndani karibu na kioo weka Kelvin 4000 yenye Ra 90 (Ra hupima taa inavyoonyesha rangi halisi, juu kabisa ni 100), vinginevyo bluu itaonekana nyeusi na mteja atarudisha nguo kesho yake.

Hatua ya 6: lugha na alama. Kwa Kisukuma, "mwangaluka" ni salamu ya asubuhi na "mwadila" ya mchana, kwa hiyo usiandike mojawapo juu ya mlango. Muuzaji aitamke kwa wakati wake. Vibao viwe vya Kiswahili, maana wateja ni Wasukuma, Wakerewe, Wajita na Wahaya. Kabla ya kuweka ngoma, kaulize makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa: ngoma za watemi (machifu) zina heshima yake, hazigeuzwi kigoda. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu: usichukue alama za kimoja ukaacha za kingine. Ushindani wa vyama hivyo bado una wenyewe.

Baada ya wiki 2 za kufungua, tazama benchi. Likiwa limejaa mikoba ya kuuza, iondoe siku hiyohiyo.