Namna ya Kupima na Kuzoeza Upya Hisi ya Kunusa

Mtu aliyepona mafua makali au UVIKO-19 huweza kulalamika kwamba chakula hakina ladha, ilhali ulimi wake ni mzima na kilichodhoofika ni uwezo wa kunusa. Kwa hiyo, kwanza bainisha ni hisi ipi iliyopungua.

Fumba macho, ziba pua kwa vidole, kisha utafune peremende yenye ladha ya tunda usilolijua mapema. Utasikia utamu, pengine na uchachu, lakini tunda lenyewe hutalitambua. Achia pua: harufu itapanda kupitia nyuma ya koo hadi puani, na tunda litajitambulisha papo hapo. Ikiwa hakuna kilichobadilika, tatizo liko katika kunusa. Ikiwa hata utamu huusikii, mwone daktari, kwa kuwa huenda vionjio vya ulimi au neva zake zimedhurika.

Ulimi hutambua ladha chache tu, yaani utamu, chumvi, uchachu, uchungu na umami, ambayo ni ladha ya mchuzi wa nyama. Taarifa zake hupita katika shina la ubongo na thalamasi, kituo cha ndani ya ubongo kinachopitisha taarifa za hisi, kabla ya kufika kwenye gamba la ubongo. Pua ina utajiri mkubwa zaidi. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, walieleza mwaka 1991 familia kubwa ya jeni zinazounda vipokezi vya harufu, na binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi hivyo. Kila harufu huamsha mchanganyiko wake wa vipokezi, kama vile herufi chache zinavyounda maneno yasiyohesabika. Nyuzi za neva hupenya mfupa wenye matundu kama chekeche na kuingia katika balbu ya kunusia, sehemu ya ubongo iliyo juu ya pua, na kutoka hapo taarifa hufika moja kwa moja kwenye maeneo yanayohusika na hisia na kumbukumbu, bila kupitia thalamasi kwanza. Ndiyo maana harufu huweza kumrudisha mtu utotoni kabla hajaikumbuka kwa jina.

Njia hiyo huweza kuzoezwa, kwa sababu seli za kunusia huzaliwa upya maishani. Mwaka 2009 mtafiti Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha utaratibu wa kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu mara mbili kwa siku kwa majuma 12. Tia mafuta ya kila harufu kwenye pamba ndani ya chupa yake yenye kifuniko. Nusa kila moja kwa sekunde 10 hivi, kwa pumzi fupi na za taratibu, kisha pumzika kidogo kabla ya nyingine. Wakati huo jitahidi kukumbuka jinsi harufu hiyo ilivyokuwa. Kwa maoni yangu, hatua hii haifai kurukwa hata siku ambayo husikii chochote. Usitumie amonia, kwani mwasho wake hubebwa na neva nyingine na utakudanganya kwamba umenusa.

Harufu zikirudi zikiwa zimepotoka, kahawa ikanuka kama kitu kilichoungua, usiache mazoezi. Lakini ikiwa uwezo huo ulitoweka baada ya kuumia kichwa, au bila mafua yoyote, muone daktari mapema. Wakati wote huo weka king'ora cha moshi nyumbani, na uandike tarehe kwenye vyakula unavyohifadhi, kwa kuwa pua yako haiwezi kukuonya.