Kufungia bastola kwenye gari lililoegeshwa

Mwizi wa maegeshoni hana muda. Anavunja kioo cha pembeni, anafungua kisanduku cha dashibodi, anapapasa chini ya viti, anainua kifuniko cha sanduku la kati lililo baina ya viti vya mbele, anaondoka. Mara nyingi kazi hiyo yote haimalizi hata dakika mbili. Na sehemu hizo tatu ndizo ambazo wenye bastola wengi Marekani huwekea silaha wanaposhuka kuingia hospitali, mahakamani, shuleni kwa mtoto au kazini kusikoruhusiwa silaha. Komeo la kisanduku cha dashibodi ni la plastiki. Bisibisi inalifungua kwa mkono mmoja.

Mwongozo huu ni kwa wasomaji wanaoishi Marekani na kumiliki bastola kihalali. Kazi ya boksi la chuma ndani ya gari ni moja: kumfanya mwizi ahitaji muda mrefu kuliko ule alio nao. Ukilielewa hilo, utanunua vizuri na kufunga vizuri. Utaelewa pia kwa nini bastola hailali kwenye gari. Usiku mwizi ana muda, na anaweza kuondoka na gari zima, boksi likiwa ndani. Ukifika nyumbani, bastola inaingia nyumbani.

Anza na unene wa chuma. Maboksi huuzwa kwa geji, na geji huhesabiwa kinyume: namba ikipungua, chuma kinanenepa. Geji 16 ni takriban milimita 1.5, geji 14 karibu milimita 1.9, geji 12 karibu milimita 2.7. Geji 16 inatosha kwa boksi dogo la kubebeka, geji 12 ndiyo ya kutafuta kwa boksi linalokaa garini moja kwa moja. Lakini unene pekee hausaidii kama kifuniko hakikai sawa. Boksi likiwa limefungwa, jaribu kuingiza ncha ya bisibisi pana kwenye ukingo wa kifuniko. Ikiingia, boksi hilo litabinuliwa, hata kama chuma chake ni kizito. Tafuta lenye ukingo uliokunjwa kwa ndani.

Pima bastola ikiwa ndani ya ala yake, si peke yake. Glock 19 ina urefu wa karibu sentimita 19, lakini ikiwa ndani ya ala huhitaji boksi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 23 hadi 25. Wanaonunua boksi la kubana huishia kuitoa bastola kwenye ala ili iingie, na hapo ndipo hatari inapoanza: kifyatulio kinabaki wazi huku mkono ukipapasa gizani chini ya usukani.

Kuhusu kufuli, ya ufunguo ndiyo ya kutegemewa kuliko zote kwa gari. Ya namba iwe na magurudumu manne, yaani michanganyiko 10,000. Ya matatu ina 1,000 tu, na aliyeondoka na boksi atazijaribu zote akiwa amekaa kwake. Usiache gurudumu moja tu likiwa limesogezwa, vuruga yote. Kufuli za betri na za alama ya kidole ni nzuri nyumbani, ila gari ni mahali pabaya kwa betri. Gari lililofungwa juani Texas linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi ndani, na baridi ya Minnesota huinyong'onyeza betri iliyokuwa nzima jana. Kidole chenye jasho, mafuta au glavu hakisomeki. Ukichagua ya betri, ibadilishe mwanzoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa majira ya baridi, na ufunguo wa akiba usiuache ndani ya gari hilohilo.

Boksi lisilofungwa mahali ni zawadi iliyopakiwa vizuri. Njia nyepesi ni kebo ya chuma. Baadhi ya kebo huandikwa kuwa zinahimili pauni 1,500, lakini hiyo ni nguvu ya kuvutwa. Mkasi wa kukatia vyuma huikata kwa sekunde chache. Kebo humzuia mwizi mwenye mikono mitupu, ambao ndio wengi, lakini si aliyekuja na vifaa. Kuifunga:

1. Sogeza kiti mbele hadi mwisho, umulike chini yake kwa tochi. Tafuta fremu ya chuma ya kiti au reli iliyoshikwa na bolti sakafuni.
2. Pitisha kebo kuzunguka fremu hiyo, uingize kichwa chake kwenye kitanzi chake chenyewe, ukaze. Usiizungushe kwenye mkono wa kurekebishia kiti wala kwenye mkanda wa usalama.
3. Usiguse nyaya zilizo chini ya kiti, hasa zenye ala au soketi ya njano. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa.
4. Sogeza kiti mbele na nyuma mara kadhaa. Kebo ikibanwa na reli, itaanza kukatika kidogo kidogo bila wewe kuona.
5. Funga ncha ya kebo ndani ya boksi, kisha sukuma boksi mahali ambapo mtu aliye dirishani halioni.

Njia imara zaidi ni boksi lililotengenezwa kwa aina ya gari lako, linalokaa ndani ya sanduku la kati na kukazwa kwenye matundu ya kiwandani. Hakuna kutoboa. Ukiamua kutoboa sakafu mwenyewe, lala kwanza chini ya gari uone kilichopo: mabomba ya mafuta na breki, nyaya, na kwenye magari ya umeme betri yenyewe. Gari la umeme usilitoboe kabisa. Tumia bolti za milimita 8 na washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu) upande wa chini, kichwa cha bolti kikiwa ndani ya boksi ili kisifikiwe mpaka boksi lifunguliwe, na upake rangi ya kuzuia kutu kwenye kila tundu.

Buti la gari dogo huficha vizuri, lakini peke yake halitoshi. Kioo kikivunjwa, kitufe cha kufungulia buti kiko karibu na dereva, na viti vya nyuma vingi hukunjwa. Weka boksi ndani ya buti, ulifunge humo.

Wakati wa kuiweka ni muhimu kama mahali. Iweke kabla hujafika unakokwenda. Anayekaa maegeshoni kutazama watu anamngoja yule anayeinama, anapapasa kiunoni, kisha anashuka akinyoosha shati. Ihamishe ikiwa ndani ya ala, mdomo ukielekea chini mbali na miguu yako na abiria. Kama sheria ya jimbo lako inataka isiwe na risasi, itoe risasi nyumbani: kwanza toa magazini, yaani kibebeo cha risasi, kisha vuta chuma cha juu nyuma, kizuie hapo, tazama chemba, risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na uiguse kwa kidole. Ukivuta kabla ya kutoa magazini, risasi mpya huingia chemba, na hilo limewaponza wengi. Stika za kampuni za bunduki kwenye kioo zibandue. Zinamwambia mwizi gari lipi avunje.

Sheria hutofautiana kwa jimbo. California, tangu 2017, bastola kwenye gari lisilo na mtu lazima iwe imefungiwa kwenye buti, au kwenye chombo chenye kufuli kisichoonekana kwa nje, na kisanduku cha dashibodi hakihesabiki. Colorado, tangu Januari 2025, inataka chombo kigumu chenye kufuli, kisichoonekana, ndani ya gari lililofungwa. Anayevuka majimbo kwa kinga ya sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda msafiri mwenye silaha aiweke bila risasi, mbali na kufikiwa na waliomo. Kwa pikapu na magari yasiyo na buti, ndani ya chombo chenye kufuli ambacho si kisanduku cha dashibodi wala cha kati. Mwenye kadi ya kijani azingatie zaidi: hukumu ya kosa la silaha ni sababu ya kisheria ya kufukuzwa nchini. Na wengi walio kwa viza za muda hawaruhusiwi kumiliki silaha kabisa, isipokuwa kwa vighairi vichache.

Sponji ya ndani ya boksi hufyonza unyevu na kuleta kutu. Weka pakiti ndogo ya kukausha unyevu, na bastola iliyotoka kwenye gari la baridi kuingia nyumba ya joto ifutwe, ipakwe mafuta mepesi.

Piga picha namba ya bastola leo, uiweke nyumbani, si garini. Ikiibwa, polisi wataingiza namba hiyo kwenye kumbukumbu ya taifa ya silaha zilizoibwa. Bila namba hawana cha kuingiza. California na Colorado zinakupa siku tano za kuripoti tangu ujue, New York saa 24.